Barabara Nyekundu Isiyo na Magari

Chumba cha kushonea,
nyuma ya duka.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe na nyumba yako yote? Wifi, mgongo umemwachia? Na Mapengo, meno yameota au bado anacheka kizee? Sisi afya tunayo, ila kichwa changu ndicho hakijatulia.

Nimesoma pongezi zako. Unasema kila ukifungua ramani kwenye simu unaiona barabara yetu nyekundu kutwa nzima, foleni juu ya foleni, na lazima wenye magari wananigombea niwashonee viti. Kaka, nilitoka mlangoni nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Kweupe pee! Paka amelala katikati ya lami. Mwezi huu nimeshona viti vya gari moja tu, na mwenye nyumba ameanza kuniuliza kama duka naliachia.

Nikadhani simu yako mbovu. Nikawasha yangu: nyekundu vilevile. Nikasema basi, ama nimerogwa ama macho yamekwisha.

Mteja wangu huyo mmoja ni mama wa ofisi ya barabara. Alinieleza kwamba ramani yenyewe haioni magari. Inapima mwendo wa simu zilizomo ndani ya magari. Zikienda polepole inajua ni foleni, na madereva wengine inawapeleka njia nyingine. Nikamwambia hapa foleni hakuna. Akasema basi kuna watu wanatambaa. Nikazidi kuchanganyikiwa, maana nani atambae kwenye lami tupu?

Kabla hajaondoka, likajitokeza gari la mayai, nyuma yake la pili na la tatu, mwendo wa bibi harusi. La mbele analiendesha shemeji yako, mume wangu mwenyewe. Akanipungia mkono. Wangu ulikataa kuinuka.

Jioni nikamkalia kooni. Kumbe hupita hapa kutwa, kwenda na kurudi, na ghala lao lina njia mbili, na ile nyingine ndiyo fupi, haina hata tuta. Nikamuuliza mbona basi waning'ang'anie mimi, duka linanifia. Kwanza akasingizia mayai, eti yakivunjika atafukuzwa. Nikambana. Akainamisha kichwa, mtu mzima na ndevu zake.

"Wenzangu wananifuata tu," akasema. "Mimi kule sikuoni."

Sasa, kaka, sijui nishike lipi. Nimkasirikie? Nimkumbatie? Miaka yote nalalamika kwamba mume wangu hajui kusema neno tamu, kumbe alikuwa analisema kila siku kwa gia ya kwanza, na ndilo linaloniua kwa njaa. Nimemwomba kuanzia kesho apite kule. Ameitikia, hakubisha, na hilo ndilo limenichanganya zaidi.

Nisalimie sana Wifi, mbusu Mapengo, na shangazi mwambie kitambaa chake nimekitunza. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko.

Na ukiiona barabara yetu imegeuka kijani, furahi kwa ajili ya duka. Ila usinipongeze sana, kaka. Ujue tu kwamba hajapita.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako, mshona viti