Nitaipunguza Nikifika

Mpendwa kaka Muchiri,

Jumamosi hii Mama anakufanyia ibada ya kukuaga. Hakuna mwili, hakuna jeneza, ni picha yako tu itakayowekwa mbele ya kanisa na maua pembeni. Pasta amekubali. Akina mama wa kanisa wameshagawana nani ataleta mchele na nani ataleta sufuria kubwa. Nimelia, nimenuna, nimekataa chai ya Mama, na hakuna lililobadilika. Ndiyo maana nakuandikia barua hii bila bahasha. Nitatoa nakala nimpe kila dereva wa lori la mahindi anayeelekea Turbo, nibandike nyingine popote watakaponiruhusu, na anayekujua akiiona akusomee. Sijui kama uko hai. Hilo ndilo linalonimaliza, na sina mtu mwingine wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unakumbuka ile mashine ilivyoingia nyumbani? Ulikuja kwetu Kiplombe umeibeba begani, ganda tupu la kompyuta lililotupwa na ofisi moja ya mjini, ukaliweka juu ya meza ya cherehani ya Mama kama mtu aliyeleta mbuzi. Mama akauliza hicho ni nini na kinakula nini. Ukamwambia kinakula umeme kidogo tu. Ukaanza kutafuta vya kutia ndani, leo prosesa iliyotumika, mwezi ujao RAM, kile kijiti cha kumbukumbu, mpaka ukapata ile bodi kubwa, motherboard, kutoka kwa fundi wa Nairobi aliyekuapia kwamba haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa imefunguliwa. Ulikuta mende aliyekauka pale prosesa inapokaa ukacheka hadi ukakaa sakafuni. Ilipowaka, kelele ya feni ikajaa nyumba nzima, na Mama akaiita posho mill, kama kinu cha kusaga unga, tangu siku hiyo.

Mtu mwingine angeshukuru kwamba imewaka. Wewe hukuridhika. Prosesa hutoka kiwandani imeshapangiwa mwendo wake, na wewe ulisema waliopanga huo mwendo ni watu waoga. Ulikuwa unaingia kwenye ile skrini ya bluu inayotokea kabla mashine haijaamka vizuri, unaongeza mwendo kidogo, unaongeza umeme kidogo, kisha unakunja mikono kuona kama itakimbia au itaganda. Kazi yangu ilikuwa kugusa kile chuma cha kupozea na kutoa ripoti. Bado, moto, moto sana. Nilikuwa msichana wa shule na vidole vyangu ndivyo vilikuwa kipimo chako. Nilijiona mtu muhimu sana.

Baridi ya Eldoret nayo ilitusaidia. Mwezi wa saba asubuhi ulikuwa unafungua dirisha wazi, mimi nimejifunga blanketi, wewe umevaa koti la marehemu Baba, na mashine inakimbia kuliko ilivyoruhusiwa na yeyote. Ukawa unawaringia jamaa wa Mombasa kwenye mtandao, ukiwatumia namba zako za mwendo. Wale watu waliamini una mitambo ya kupozea kwa maji. Kumbe ni dirisha. Ulikataa kuwaambia ukweli, na nilipokuuliza kwa nini, ulisema mtu hatoi siri ya jeshi.

Januari iliyofuata tulijua kosa letu. Jua lilipopiga mabati, adhuhuri mashine ikaganda kabisa, na kesho yake vilevile, na keshokutwa. Ulikuwa umeipima kwa baridi ukasahau kwamba nyumba ile ile kwenye kiangazi ni jiko. Tangu hapo tukawa na msimu wetu. Mwezi wa saba tunapandisha mwendo, Desemba tunapunguza. Majirani walihesabu mwaka kwa kupanda na kuvuna, sisi tuliuhesabu kwa prosesa. Ukaweka na neno la siri kwenye ile skrini ya bluu, eti mkono wangu una haraka. Sikuwahi kukuuliza ni neno gani, kwa sababu ulikuwepo.

Mwaka wa uchaguzi Desemba ilikukuta na kazi nyingi. Kila siku ulisema utaipunguza, ukaahirisha. Halafu yule mfanyabiashara wa nafaka wa Turbo akapiga simu kwamba kompyuta yake imezimika na mizani yake inaitegemea. Kura zilikuwa zimepigwa, watu wanangoja matokeo, maduka mengine yamefungwa. Mama alikuambia ungoje. Ukasema Turbo si Kongo. Kwa kuwa ulishuku RAM yake, na uliyoagiza haikuwa imefika, uliifungua mashine yetu ukatoa moja kati ya mbili, ukaiviringisha ndani ya soksi safi, ukaniambia utairudisha mwaka mpya. Ukaondoka unapiga mluzi. Niliudhika kwa sababu ulikuwa umeniachia mashine nusu.

Jioni ulinipigia. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi hata naogopa nimeyachakaza, lakini ulisema hivi, ukimwita Mama Mathe kama kawaida yako: “Wanjiku, barabara imefungwa na mawe. Nitakata kwa mashamba. Ambia Mathe asitoke kwa nyumba. Na usiwashe hiyo mashine mchana, nitaipunguza nikifika.”

Nikakuuliza uko wapi hasa. Simu ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Nataka nikuambie kinachoniamsha mpaka leo. Ni hayo mashamba. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, Muchiri. Kulibaki mabua tu, tena mengine yameshalishwa ng'ombe. Ulisema utakata kwa mashamba kama mtu anayesema atapita vichakani, na hapakuwa na pa kujificha hata sungura. Ungesafiri mwezi wa nane ungepita katikati ya mahindi yanayokuzidi urefu na hakuna ambaye angekuona. Huwa nawaza hivyo kila nionapo shamba limevunwa, na huku kwetu mashamba huvunwa kila mwaka.

Matokeo yalipotangazwa majirani waligeukiana kwa kabila, na sisi tulitoka na nguo tulizovaa. Nyumba iliungua tukiwa kituo cha polisi, kisha tukahamia kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho, ambako Mama alikuwa anasimama kila lori likileta watu, anawaangalia wakishuka mmoja mmoja. Njia ilipofunguka nilienda Turbo. Yule mfanyabiashara alinipokea vizuri na akalia mbele yangu, mwanamume mzima. Alisema ulimaliza kazi, ukanywa chai, akakusihi ulale kwake, ukakataa kwa sababu mama yako na dada yako wako peke yao. Akaniambia mashine yake bado inatumia ile RAM yetu, akataka kuichomoa anipe. Nilimwambia akae nayo. Nilimwambia wewe ndiwe utakayekuja kuichukua. Kutoka hapo nilizunguka hospitali, nikazunguka vyumba vya maiti, nikawaangalia vijana wa watu. Hukuwa miongoni mwao. Sikujua nishukuru au nilie, na bado sijui.

Tuliporudi Kiplombe kuangalia kiwanja, Mama Chebet wa nyumba ya pili alitoka kwake akatusimamisha. Siku zile hakuna aliyejua amsalimie nani wa kabila lingine. Mama aligeuza uso. Mama Chebet akaingia stoo yake ya mahindi, akasogeza magunia, akatoka amekumbatia posho mill yako imefungwa kwa leso. Akasema, “Nilitoa hii kabla wafike. Sikuweza kutoa kitu ingine. Nilionanga vile huyo kijana anaipenda.” Akaiweka miguuni pa Mama. Wale wanawake wawili walishikana pale barabarani na sikusikia walichoambiana. Hata leo ndiye mtu wa kwanza ambaye Mama humpelekea maziwa.

Niliiwasha katika nyumba ya kupanga tuliyopata mjini. Ilikimbia vizuri na RAM yake moja, na ilipofika adhuhuri ikaganda. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilikaa mbele ya skrini iliyoganda nikafurahi kama mwendawazimu, kwa sababu ule ulikuwa mwendo wako wa baridi, ulivyouacha, na hakuna moto wala panga lililoufikia.

Sasa mimi ni fundi. Nina kibanda changu mjini, watu huniletea kompyuta zao na hawaulizi tena kama kuna mwanamume ndani. Naongeza RAM, nabadilisha prosesa, na nikiona bodi imechoka namwambia mwenyewe asipoteze muda, anunue nyingine. Najua pia namna ya kuondoa neno la siri kama lako. Kuna betri ndogo ya mviringo kwenye bodi. Unachomoa umeme, unaitoa, unangoja kidogo, na bodi inasahau kila kitu, neno la siri pamoja na mwendo wote uliopangwa. Nimewafanyia wateja hivyo wakiwa wamekaa wanakunywa soda. Yako sijaweza. Betri yake ikianza kuchoka, mimi huibadilisha wakati mashine bado iko kwenye umeme, nimezuia pumzi, ili isisahau. Watu hudhani nalinda picha. Picha nilishazihamisha zamani. Ninalinda namba chache ulizoziandika wewe kwa vidole vyako, ambazo mimi mwenyewe siwezi hata kuzisoma. Na pale ulipotoa ile RAM pako wazi mpaka leo. Nauza RAM kila siku na pale sijatia kitu.

Lakini bodi inakufa. Ile mikebe midogo ya kutuliza umeme iliyosimama kando ya prosesa imevimba vichwa, na miwili imeanza kuvuja maji ya kahawia. Ni ule mwendo wa mwezi wa saba, umeikimbiza viangazi vyote hivi bila mtu wa kuipunguza. Ingekuwa ya mteja ningemwambia ukweli kwa dakika moja. Siku hizi haingoji adhuhuri tena, inaganda hata asubuhi, na mimi naizima na kuiwasha, naizima na kuiwasha, huku nakusema wewe kwa sauti mpaka wateja wananiangalia. Nina hasira nawe, kaka. Ungeipunguza ile Desemba. Ungelala Turbo. Ungekuwa mwoga mara moja tu katika maisha yako.

Mama alikuja kibandani wiki iliyopita kwa miguu, na magoti yake unayajua. Nilifikiri ameniletea mboga. Alikaa akaniambia kuhusu ibada. Nikamwambia hatuwezi kumzika mtu ambaye hatujui alipo, nikapandisha sauti, nikamwambia amekata tamaa juu ya mtoto wake mwenyewe. Hakunikaripia. Alisema, “Wanjiku, mimi nimechoka kuwa mama ya mtu hajafa na hayuko. Nikienda mbele ya Mungu sijui nimuombee arudi ama nimuombee apumzike. Nataka mahali ya kuweka maua.” Niliona jinsi alivyozeeka. Ilikuwa kama nimemwona kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Akaniomba jambo moja, kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta. Nichape ile programu ya ibada, ya kugawia watu mlangoni, yenye picha yako na maisha yako kwa ufupi. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Nimeichapa. Picha ni ile ya koti la Baba, unayochekea pembeni. Nimeandika ulikozaliwa, shule uliyosomea, kwamba uliwapenda watu na ulipenda mashine, kwamba umeacha mama na dada. Hapo kwenye “ameacha” nilisimama nikaenda nje. Niliporudi nikaandika tarehe yako ya kuzaliwa, na chini yake panapaswa kuwa na tarehe nyingine.

Leo Mama amekuja kuichukua, mpiga chapa anaitaka kabla ya kufunga. Akaiona nafasi ile. Akaniambia niweke siku ile ulipoenda Turbo.

“Mama, hiyo siku alikuwa hai,” nikamwambia. “Niliongea na yeye.”

Alifungua mkoba wake akaufunga. Halafu akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, “Basi weka kesho yake.”

Kesho yake, Muchiri. Mimi nikuchagulie siku ya kufa. Ile siku ya pili huenda ulikuwa umelala chini ya mti mahali, una kiu, unangoja watu wapite. Huenda ulikuwa hai na siku ya tatu. Siku yoyote nitakayoiandika, nakuua mimi siku hiyo, na kila aliyekupenda ataishika mkononi na kuiamini kwa sababu imechapwa.

Mama amekaa hapa kwenye kiti cha wateja, mkoba magotini, macho amefumba. Anasikia vidole vyangu na anadhani ninamalizia. Sitaweza kumwambia tena angoje, na mpiga chapa naye hatangoja.

Kwa hiyo nakuomba, kama bado una sauti, kama kuna mtu anayejua, hata kama ni yule aliyekuwepo mashambani siku ile. Nipeni tarehe. Au njoo wewe mwenyewe uifute.

Ni mimi dada yako, ambaye bado hajaandika kitu pale,
Wanjiku