Mkate wa Mama Mkwe

Upo? Acha unachofanya, soma hii.

Unakumbuka ile hamira ya maabara niliyokuhadithia? Ile tuliyogeuza kimeng'enya chake ili itengeneze dawa ya kutuliza maumivu, kama ile inayotoka kwenye gome la mti, ila yenye makali zaidi? Iko nyumbani kwangu. NYUMBANI!

Sasa hivi mama mkwe katoa trei ya mkate kwenye oveni kwa mkono mtupu. Mkono mtupu, mwenzangu! Nikasikia harufu ya ngozi ikiungua. Yeye anacheka: "Mbona umenikodolea macho, mwanangu?"

Nikamega kipande. Ulimi ukafa ganzi papo hapo. Ni yenyewe.

Nikamuuliza, mama, chachu yako unaifunika na nini?

"Na lile koti lako jeupe ulilolileta kufua. Tangu siku ile mkate unaumuka ajabu, na magoti hayaniumi tena."

Koti la kazini. Lile nililolimwagia hamira. Nimekwisha.

Nikasema tuitupe yote. Akajibu kwa furaha kabisa: "Hata ukiitupa, nyingine ipo kwa majirani. Kila aliyeomba nimemmegea."

Kabla sijafumbua mdomo, jirani wa ukuta wa pili kaingia na mtoto mgongoni, kaja kushukuru. "Bibi, tangu huyu aanze kula mkate wa chachu yako, hata halii."

Nikajifanya namtania mtoto, nikamfinya mguu. Nikamfinya tena, kwa nguvu zangu zote.

Ananitazama tu, anatabasamu.