Mke Wangu Hataki Tena Kunikanyagia Mafuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa waulize wote wanaonijua watakwambia mimi siombi, mimi huombwa, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe uliozoea spana kuliko kalamu, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala ubavu ziinue tu uendelee. Shule niliiacha mapema, lakini nipe injini yoyote iliyovunjwavunjwa na kutiwa kwenye karai, nitaipanga nimefumba macho na nikimaliza nitakuomba nyingine.

Nina gari la zamani la tabo. Kwa asiyejua, tabo ni kile chuma chenye umbo la konokono, kinazungushwa na moshi wa injini yenyewe, kinavuta hewa na kuishindilia ndani, basi gari linapata pumzi ya pili na kupanda mlima likipiga filimbi. Liko uani kwangu juu ya magogo, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, na nimelirudishia uhai peke yangu, kutu nimekwangua, rangi nimepiga, viti nimeshona, giaboksi nimeishusha na kuipandisha, hakuna fundi wa mji huu anayeweza kusema aligusa hata skrubu.

Mshauri, ukiniuliza raha ya dunia iko wapi, nitakwambia iko kwenye kiti cha dereva cha gari hilo mchana mvua ikinyesha. Maji yanateremka kwenye kioo, shuka iliyosahaulika kwenye kamba inapunga mkono, ukuta wa jirani unayeyuka, halafu uwanja mzima unaanza kwenda, taratibu, kama mtu kautelezesha, na mimi nimeshika usukani nabadili gia, napita miji nisiyoijua jina, madaraja, vituo vya mafuta visivyo na mtu, mashamba yaliyolowa mpaka mwisho wa macho. Mama watoto alikuwa akija na vikombe vya chai, anakaa upande wake, anafunga mlango kwa adabu kama abiria aliyelipa nauli, anauliza, "Tumefika wapi, dereva?" namwambia, "Daraja tumelipita, sasa tunaukabili mlima," naye anasema, "Basi punguza mwendo, chai itanimwagikia." Tumesafiri hivyo mpaka tumezeeka.

Na yeye si abiria tu, ndiye mguu wangu. Tabo ukishalifunga huwashi gari hivi hivi kama unawasha jiko. Unachomoa kwanza waya za plagi, injini inazungushwa bila kuwaka mpaka oili ipande ilifikie tabo, ndipo moto uingie, la sivyo litazunguka kavu na kujila lenyewe. Mimi naangalia kwenye boneti, yeye yuko ndani na ufunguo, hatusemezani. Nikinyoosha kiganja, anapiga stata. Nikifumba ngumi, anaacha. Kidole kikizunguka, anakanyaga mafuta kidogo kidogo. Hakuna mwingine anayezijua ishara hizo na sitaki mwingine azijue.

Shida imeletwa na shemeji yangu, dada yake mkubwa mama watoto, anayeishi mbali, safari ya kutwa nzima. Ameanguka, miguu haimbebi, na sauti yake kwenye simu imekuwa ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mama watoto akasema twende. Nikamwambia tutakwenda, tena kwa gari letu, nitakushusha mlangoni kwa dada yako kama bibi harusi. Nikafunga kila kitu, tukawasha, likaitikia mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Lakini nilipotega sikio nikasikia ndani ya filimbi ya tabo kuna sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anaita kutoka chumba cha mwisho. Nikalifungua tabo, nikalisafisha, nikalifunga, tukawasha, sauti ipo. Nikalifungua tena. Nimelifungua hata nati zimelainika zenyewe. Mama watoto akasema, "Baba, filimbi hiyo tulinunua nayo, mbona wakati ule hukuifungua?" Nikamwambia, "Wewe ni mguu, sikio ni mimi."

Juzi mvua ilinyesha nikaingia garini. Akaja, lakini bila chai. Kavaa viatu vyake vya kutokea, begi kaliweka mapajani. Akauliza, "Tumefika wapi?" Nikasema, "Daraja tumelipita." Hakucheka. Akatazama maji kwenye kioo, kisha akasema, "Na dada kaniuliza hivyo hivyo jana, mmefika wapi, nikakosa la kumjibu." Akashuka. Tangu siku hiyo nikinyoosha kiganja ananiangalia kutoka dirisha la jikoni kama nafukuza nzi. Nikamwita, akasema, "Tafuta mguu mwingine, huu una safari." Jumapili anapanda basi.

Basi, mshauri! Mimi niliyeendesha malori ujana wangu wote, mke wangu akabebwe na dereva wa watu, na gari lipo uani? Mimi sijawahi kukaa kiti cha abiria na sitakaa. Tabo nimelishusha tena, namwomba asubiri nilifunge mara hii moja tu, yeye anaendelea kupiga pasi. Yeye ndiye hunisomea safu yako kila Ijumaa kwa kuwa macho yangu hayaziwezi herufi zenu za sisimizi, kwa hiyo ukimwandikia asubiri atayasoma kwa mdomo wake mwenyewe, na mambo yataisha.

Ni mimi, Mzee Tabo.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imenikalisha dirishani kwa muda mrefu, na nakiri ile mvua yako imenichukua hata mimi. Umejaliwa mke ambaye alipanda gari lisilo na magurudumu chini, akaogopa chai isimwagike. Wako wanaume wenye magari mapya kabisa ambao hawajawahi kuulizwa wamefika wapi.

Sasa nikugombeze. Kumwambia mwenzio yeye ni mguu, ulikosa adabu, na umri wako haukusamehe. Gari lako ni zima, mzee. Umeandika mwenyewe kwamba liliitikia mpaka kuku wakanyamaza. Unalifungua kwa sababu likishakuwa zima itabidi mwende, na mkienda utamkuta shemeji yako amelala badala ya kuja kukupokea mlangoni. Naelewa. Kuogopa hilo si aibu hata kwa fundi mkubwa kama wewe. Ila mgonjwa yuko kule anauliza, na wewe umemwacha mkeo ajibu peke yake.

Kwa hiyo sitamwandikia asubiri. Nakuandikia wewe upande basi. Leo hii ziba midomo yote ya hilo tabo kwa kitambaa safi, ifunike injini kwa turubai, mpe jirani ufunguo wa geti. Kaa kiti cha dirishani, na dereva wa watu akibadili gia vibaya, nyamaza. Ukifika, usimsimulie mgonjwa habari za nati. Mshike mkono, kaeni naye siku zitakazohitajika. Mkirudi utalifunga tabo mara ya mwisho, utamwomba mkeo radhi, halafu yeye asimame kwenye boneti atege sikio na wewe ukae ndani na ufunguo. Akisema sawa, ni sawa, unashusha gari kwenye magogo siku hiyo hiyo.

Na wewe mama unayesoma haya kwa sauti, pole, na ahsante kwa kufika mpaka hapa bila kulitupa gazeti. Sasa liweke chini kidogo, umtazame, umuulize mara moja kama anakwenda. Usimbembeleze, wala usimsaidie jibu. Akisema ndiyo, mtilie shati la pili kwenye begi lako. Akianza habari za ile sauti nyembamba, usibishane naye, maliza kupiga pasi, na Jumapili ondoka. Dada yako akikuuliza mmefika wapi, mwambie, "Mimi niko getini kwako, nifungulieni."