Uzi Uliopita Chini ya Kanga

Jumamosi, Misunkumilo. Joto la kubana. Mawingu yamejazana upande wa Mwese tangu asubuhi, lakini hata tone halijadondoka.

Leo nimefuma nguo.

Naiandika tena ili niione vizuri: leo nimefuma nguo. Ni kipande kidogo, urefu wa vidole vinne tu, na kingo zake zimepinda kama mistari ya mtoto wa chekechea. Lakini uzi ni wa kusokotwa nyumbani kwangu, na mwingine nimeusokota kwa mikono yangu mwenyewe. Nina furaha kiasi kwamba kila nikiandika neno narudi kukitazama kile kipande.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Makanyagio, nashona sare za shule na vitenge vya harusi, nabana suruali za watu waliokonda. Miaka yote hii nguo kwangu ilianzia kwenye jora. Jora linatoka dukani, na kabla ya duka sikuwahi kujiuliza kuna nini. Sasa nyumbani kwangu yupo mtu anayejua nguo inaanzia wapi, na mtu huyo ndiye binadamu pekee ambaye siruhusiwi kumtazama usoni.

Mama mkwe.

Alishuka kutoka Mwese mke wangu Skola alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, Devota. Kwao na kwetu jambo hili halina tofauti: mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai uso kwa uso, hawali pamoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwenye nyumba kubwa hiyo ni heshima. Kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili na ua mmoja, ni mazoezi ya viungo. Nakohoa kabla ya kwenda chooni. Akisikia kikohozi anageukia ukutani. Tukigongana mlangoni kila mmoja anarudi nyuma, mlango unabaki hauna mtu. Akiwa na neno kwangu anampa Skola, hata kama mimi nimekaa hapo hapo: "Skola, mwambie mwenzio chumvi imeisha." Nami namjibu Skola, "Mwambie mama nimesikia."

Basi jioni moja nikasikia mvumo kupitia ukutani. Kitu kinazunguka kwenye bakuli la bati, kinanyamaza, kinazunguka tena. Skola akaniambia mama amechukua pamba aliyokuja nayo ya kujazia mto wa mtoto, anasokota uzi kupoteza muda. Ana kijiti na kigae cha chungu kilichotobolewa katikati, basi. Alijifunza akiwa binti kwao Ufipani, kabla ya kuolewa kule milimani Mwese. Baba yake alikuwa fundi wa kufuma, na yeye ndiye aliyekuwa akimsokotea na kumsaidia kutanda nyuzi.

Nilishikwa. Sina neno lingine. Fundi mzima nimebandika sikio kwenye ukuta wa nyumba yangu mwenyewe, nasikiliza uzi ukitengenezwa. Nikamtuma Skola: muulize mama kama anaweza kunifundisha, nimfumie Devota mbeleko. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa hivi: "Kufuma ni kazi ya wanaume. Wanangu wa kiume niliwaambia, wakacheka. Huyu kama anataka na aanze, lakini mvua zikikaribia mimi narudi Mwese kupanda mahindi."

Kwa hiyo tangu siku ile nashindana na mawingu.

Mvua zikishachanganya, barabara ya kupanda Mwese ni mateso, na mama mkwe hatashuka tena mpaka mavuno. Hakuna mtu mwingine ninayemjua mwenye kazi hii mikononi. Skola hajui. Shemeji zangu hawajui. Nisipoipata sasa huenda nisiipate kabisa, na mbeleko ya Devota itakuwa kitenge cha dukani kama za watoto wengine wote.

Kusokota kuliniadhiri vya kutosha. Nilikuwa nasokota upande wangu wa ukuta, naacha uzi kwenye kigoda mlangoni, naondoka. Nikirudi nakuta vipande vipande, maana ameuvuta kuupima. "Mama anasema huu ni utumbo wa kuku," Skola ananiletea majibu huku anacheka. Mara nyingine: "Mama anasema huu ni unywele, utamdondosha mtoto." Nilienda kazini na pamba kichwani, wateja wakaniuliza kama nimelalia godoro lililopasuka. Halafu siku moja nikakuta uzi wangu haujakatwa. Ulikuwa umeviringishwa vizuri juu ya mpira wa uzi wake. Nikaushika ule mpira nikautafuta uzi wake ulipoishia na wangu ulipoanzia, nisipaone. Siku hiyo nilishona huku naimba, na mtu mmoja akapata suruali yenye mifuko miwili upande mmoja.

Leo asubuhi mama mkwe aliyatazama mawingu, akamwambia Skola kwamba Jumatatu anaondoka. Uzi tunao, lakini tulikuwa hatujautanda, na kutanda kunataka watu wawili. Mmoja anakaa huku, mwingine kule, mpira wa uzi unakwenda na kurudi kati yao ukizunguka vigingi mpaka zile nyuzi za urefu, mtande wenyewe, zijae. Watu wawili wanaotazamana na kupokezana.

Yeye ndiye aliyepata dawa. Alitandika mkeka uani, akatundika kanga kwenye kamba ya nguo hapo katikati, akapigilia vigingi vyake na kumtuma Skola aniletee vyangu. Nikakaa upande wangu nikingoja. Mpira wa uzi ukatokea chini ya kanga, ukabingirika mpaka kwenye goti langu. Nikauzungusha kwenye kigingi, nikausukuma. Ukaenda. Ukarudi.

Sijui nielezeje raha ya kazi ile. Simwoni, lakini kwa kushika uzi najua kila anachofanya. Nikilegeza, ananivuta kidogo kunikumbusha. Nikivuta sana, anautikisa. Nimeishi naye nyumba moja tangu Devota azaliwe na sikuwahi kuzungumza naye kiasi kile.

Kisha uzi ukanikatikia. Nikafanya kile ambacho fundi cherehani yeyote angefanya: nikafunga fundo, dogo na safi, nikaendelea. Mpira ulipofika upande wa pili haukurudi.

"Skola," sauti ikatoka nyuma ya kanga, "muulize mwenzio hiki nilichoshika ni kitu gani."

"Mama anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie ni fundo."

"Mwambie hapa si kwenye cherehani. Fundo litakwama mbele ya safari. Alifungue, aweke pamba, asokote."

Akanirudishia uzi, nikalifungua. Unazifumua ncha mbili kidogo, unaweka kipande cha pamba katikati, unasokota kwa vidole mpaka zishikane zenyewe. Niliharibu mara kadhaa kabla haijakubali. Mtande ulipojaa, mama mkwe akachukua uji wa Skola, ule mwembamba wa mzazi, akapaka nyuzi za upande wake, kisha akalisukuma bakuli chini ya kanga nami nikapaka zangu. Uji ukikauka uzi unakakamaa, haukatiki ovyo. Skola alilalamika kwamba mzazi ananyang'anywa chakula chake na watu wazima wawili.

Balaa lilikuja kwenye vitanzi.

Kuna kijiti kinacholala juu ya mtande, na kwenye kijiti hicho unafunga vitanzi. Kila kitanzi kinashika uzi mmoja, unaruka mmoja, unashika unaofuata. Ukiinua kijiti, nusu ya nyuzi zinapanda, nawe unapitisha uzi wa kukatiza katikati yake. Bila vitanzi huna nguo, una kamba zilizolala. Na kuvifunga hakuelezeki kwa mdomo. Mama mkwe alisema, Skola akarudia, mimi nikafunga, nikainua kijiti, vikafumuka vyote. Skola amesimama kwenye ukingo wa kanga na mtoto begani, anatazama kule, anatazama huku.

"Anasema upite chini."

"Chini ya upi?"

"Mama, chini ya upi?"

"Wa pili."

"Anasema wa pili."

"Wa pili kutoka wapi?"

Skola akapumua kwa nguvu. "Mimi nimechoka kuwa simu yenu. Nyie wote mnajua Kiswahili. Nakwenda kumwogesha mtoto." Akaingia ndani.

Nilikaa na vitanzi vyangu vibovu mapajani nikaifikiria Jumatatu, na niliogopa kweli. Niliuona mtande umekunjwa uvunguni miaka na miaka, na Devota mkubwa akiuliza zile kamba ni za nini.

Kanga ikashushwa kutoka kwenye kamba.

Nikageuka haraka kumpa mgongo, kama siku zote. Nikasikia nyayo zake kwenye mkeka, zikija upande wangu. Akakaa.

"Geuka, baba."

Hakumwambia Skola. Aliniambia mimi.

Nikageuka taratibu. Alikuwa amejifunika ile kanga kuanzia kichwani mpaka kifuani, uso wote uko ndani. Kilichokuwa nje ni mikono yake miwili. Maana yake na yeye hakuwa akiona kitu, alikuwa anakwenda kwa kupapasa.

"Uso achana nao," akasema humo ndani. "Mikono haina ukwe."

Nikaitazama. Gumba limepinda kidogo kwa nje, gumba la Skola kabisa. Vidole vikaingia chini ya uzi, vikapanda, vikazunguka kijiti, vikashuka. Akarudia polepole. Akarudia tena. Halafu akanisukumia kijiti. Nikafunga changu. Akakipapasa, akakifungua. Nikafunga tena. Akakipapasa, akakiacha. Nilitaka kulia, na nilitaka kupiga kelele, nikaishia kufunga kitanzi kilichofuata.

Tulipomaliza akagonga kijiti kwa ukucha. Nikakiinua. Nusu ya nyuzi zikapanda pamoja nacho, na katikati pakafunguka njia, nyeupe, imenyooka. Katika maisha yangu ya kushika vitambaa sijaona kitu kizuri kama kile. Nikapitisha uzi, nikaubana kwa kipande chembamba cha ubao. Nikashusha, nikapitisha, nikabana. Nikaendelea bila kufikiri, na nilipokuja kutazama, hazikuwa nyuzi tena. Kilikuwa kitambaa.

Nilimwita Skola kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie. Skola akatoka mbio na mtoto kwenye taulo, akatukuta mimi na mama yake kwenye mkeka mmoja.

Mama mkwe akapitisha kidole pembeni mwa kile kipande, taratibu, kwenda na kurudi.

"Kingo zimepinda," akasema. "Lakini baba yangu angekiita nguo."

Jioni amefunga mzigo wake. Kabla ya kuingia kulala alisimama uani, kanga ile ile usoni, nami nikiwa nakunja mtande, akaniambia maneno ambayo nayaandika yalivyo: "Nimekuonyesha kuanza, sijakuonyesha kumaliza. Ukikwama usimtume Skola, wala usipige simu. Uje Mwese mwenyewe, na kazi yako mkononi."

Kwetu mkwe haendi ukweni hivi hivi, anakwenda akiwa na shughuli. Nimepewa shughuli.

Kesho nikitoka kanisani nakaa tena kwenye mkeka. Nitafuma kwa moyo wangu wote, kwa sababu Devota anakua na mbeleko inangojwa. Ila kama kukwama kupo, Mungu anijalie nikwame mapema, kabla barabara ya Mwese haijaharibika.