Mama Yupo Barazani

Mwabungo, Kwale
Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Adnan,

Shikamoo. Sasa hivi Mwanapili amekikokota kigoda mpaka mlangoni, akapanda, akanyoosha mkono kulitafuta komeo. Ncha za vidole zimeligusa. Nimemshusha, nikamrudisha kitandani, naye ananicheka kama vile tulikuwa tunacheza. Miaka minne tu, na hila zake ni zako kabisa. Ndio nimeketi huku jikoni kukuandikia.

U hali gani na joto la huko Doha? Wifi Mwanaidi na watoto hawajambo? Sisi twamshukuru Mungu kwa kila hali. Barua nampa Abdalla, anasafiri Alhamisi. Ningekupigia, lakini ulisema hutaki kuisikia sauti yangu mpaka nimtake mama radhi. Basi isome, karatasi haina sauti.

Ni kweli nimemfungia mama mlango, tena siku ya Idi. Alitoka Msambweni na mkate wa sinia ndani ya leso, na kifua. Nilimsikia akikohoa tangu njiani, nikasukuma komeo.

Kaka, Mwanapili hana chembechembe nyeupe za kutosha kwenye damu, zile zinazopigana na maradhi. Daktari alisema mwili wake wenyewe unazila. Kwanza walimdunga sindano za kuiamsha mifupa izae nyingine. Zikapanda, wiki ya pili zikashuka, ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Sasa wameunganisha dawa mbili: sindano ya kujaza, na dripu ya kuziba tundu, yaani inautuliza mwili uache kujila. Mwezi uliopita alikuwa na mia mbili. Wiki iliyopita mia sita! Zikifika elfu moja, watu wataruhusiwa kumshika. Wanampima Jumanne.

Nesi alinishika bega akaniambia, "Mama Mwanapili, mpaka siku hiyo mwenye kikohozi asimguse. Kwetu ni mafua, kwake ni kaburi." Hata baba yake huoga uani kabla ya kuingia.

Nilimweleza mama yote dirishani. Akanijibu, "Mikono hii ndiyo iliyokulea, leo ina sumu?" Nikamwambia si mikono, mama, ni kifua. Akasema ni vumbi la njia tu. Wajua anachotaka. Anataka amsomee dua na kumtemea mate ya baraka utosini, kama alivyowatemea wanao. Anasema Mwanapili anaugua kwa sababu ni yeye peke yake hakutemewa.

Analala kwa jirani, Bi Mwanafatuma, na kutwa yupo barazani kwangu. Bi Mwanafatuma akipita anasema kwa sauti, "Hadiya, kuku wako analala ndani, mamako je?" Mama akikohoa huziba mdomo kwa ncha ya leso ili nisisikie. Nasikia.

Jana Mwanapili alipenyeza vidole chini ya mlango, na mama nje akacheka, akainama avishike. Nikavipiga kwa mwiko, vile vidole vya mwanangu. Mmoja akalia ndani, mwingine akalia nje, nami katikati na mwiko wangu. Hilo ulisikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na watu.

Lakini mia sita, kaka! Zimebaki siku mbili. Nikirudi Jumanne na elfu yangu, nitamwosha mama miguu hapo hapo barazani, Bi Mwanafatuma akitazama. Gauni la Idi la mtoto bado lipo kwenye karatasi yake. Atalivaa siku hiyo, atemewe mpaka alowe.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu wote, wewe unaweza. Mungu akulinde ugenini na akurudishe salama. Usinitupe, sina kaka mwingine. Mimi mdogo wako nikupendaye na

Ngoja, mama ananiita. Sauti ina furaha, sijaisikia hivyo tangu juzi. Anasema Hadiya njoo uone, mjukuu wangu kaja mwenyewe mapajani, nishamsomea, nisham