Kifua Kilichochaguliwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai u mzima, na mtoto anaendelea kukunyima usingizi kama inavyompasa. Msalimie shemeji, mwambie mwenye sura nzuri katika ukoo huu bado ni mimi. Mimi sijambo, ila tumbo.

Umeniandikia kwamba shemeji amesimamishwa kazi, nimtafutie nafasi hapa tunapovunja betri chakavu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Ngoja kwanza nikupe habari. Mdogo wako ni maarufu! Walikuja wapimaji na kimashine cha kufunga kiunoni, kinachonusa hewa siku nzima, ili wajue tunavuta vumbi la risasi kiasi gani. Kati ya wanaume wote hawa nikachaguliwa mimi. Msimamizi alisema kifua changu ni cha maonyesho. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Mapafu.

Majibu yakaja: hewa yetu safi. Yamebandikwa ukutani. Tajiri alikuwa amekwisha kuagiza feni kubwa za kutoa moshi. Akazirudisha, akasema za nini tena.

Sasa mzee wa tanuri mikono inamtetemeka, chai inaishia shatini. Mimi tumbo linanisokota mpaka najikunja. Nilipokwenda kulalamika, msimamizi akanionyesha ukutani, akaniuliza hewa ile aliivuta nani kama si mimi. Wote wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Maana siku ile ya vipimo, dada, sikukaribia tanuri. Wapimaji walipoingia ofisini kunywa chai, msimamizi alinituma kwenye kibanda cha mlinzi, langoni, nikae huko hadi jioni. Nikacheza karata, nikamfunga mlinzi mpaka akaninunia. Kimashine kilipima upepo wa barabarani. Wenzangu wanajua, lakini nikifungua mdomo karakana itafungwa, na watanila nyama. Nikinyamaza, tunaendelea kuvuta. Wapimaji wanarudi mwezi ujao, na msimamizi amekwisha kuniambia kifua ni kilekile na kibanda ni kilekile.

Kwa hiyo shemeji asije. Mwambie nafasi zimejaa; akiniita mchoyo, aniite. Na ile ovaroli yangu niliyoiacha kwako, usiifue pamoja na nguo za mtoto. Ifunge kwenye mfuko uitupe, kisha upige deki kwa maji pale ilipokuwa ikining'inia. Usifagie, vumbi lisiruke.

Mbusu mtoto. Mwambie mjomba anamsalimu kwa mbali, na kwa mbali ndiko kuzuri.

Mdogo wako,
Mapafu