Harusi ya Sabra, Wiki ya Kimbunga

Jumapili, 20 Aprili

Nimerudi kutoka Kiwengwa jua lishazama. Mgongo si wangu. Harusi ya wageni, ufukweni mwa hoteli. Bwana harusi miguu mitupu, bibi harusi gauni limejaa mchanga, mvua ikawanyea katikati ya maneno yao. Wakacheka. Mimi nikafunika kamera kwa kanga, nikaendelea. Wageni wanaipenda mvua yetu. Sisi tunaijua.

Mfunguo mosi huu umenimaliza. Watu walingoja Ramadhani iishe, sasa wote wanaoa kwa pamoja. Ukumbi huu, ukumbi ule. Nnapiga picha upande wa wanawake tu. Simu zao zinakusanywa mlangoni, inabaki kamera yangu peke yake, na picha hazitoki nje ya familia. Wananiamini. Kuaminiwa nako kunachosha.

Niliolewa, nikaachika. Kwa hivyo nikisema harusi zinanichosha, watu hudhani ni wivu. Si wivu. Ni magoti.

Mama kaniwekea wali na mchuzi wa papa. Nimeula umepoa.

Jumatatu, 21 Aprili

Malindi, nyumba ya Bwana Othman, kuangalia vyumba na madirisha. Bintiye Sabra anaolewa Ijumaa. Nikahi baada ya sala, Jumamosi sherehe ya wanawake. Bwana harusi, Haitham, kazi yake iko Dar es Salaam. Atavuka na boti Alhamisi.

Bwana Othman yuko kitandani. Figo. Madaktari walishawaambia wamrudishe nyumbani, na kila mtu mle ndani anajua maana yake. Alikuwa na duka la vitambaa, mtu wa sauti kubwa, unamsikia kabla hujamuona. Sasa lazima uiname.

Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kisha akaniita karibu. Kumbe alikuwa na neno. Maisha yake yote hakutaka picha nyumbani kwake, aliona haifai. Sabra hana hata moja aliyopiga na baba yake. Sasa mzee anaitaka. Moja. Yeye na mwanawe, siku ya kuolewa kwake. Alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani, akageukia ukutani.

Nikasema inshallah. Nimerudi nimeudhika na sikujua kwa nini mpaka nilipokuwa nnaosha vyombo. Picha zote za harusi zinaweza kurudiwa. Unamwambia bibi harusi simama tena, cheka tena. Hii haitorudiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Siku nzima kwenye kompyuta. Macho yanawasha. Nyuso za watu wenye furaha, moja baada ya moja, mpaka furaha yenyewe haina ladha.

Redio inasema kuna kimbunga baharini, kusini huko, kinapanda. Barazani watu wanafanya mzaha. Wanasema kila mara tunatishwa, na kila mara kinapinda njiani. Mama hafanyi mzaha. Kapanda juu kutazama dari linapovuja, na umri wake ule. Nikamfokea. Akanambia dari halizibwi kwa kufoka.

Jumatano, 23 Aprili

Siku ya hina. Sabra kwenye mkeka, mikono na miguu imenyooshwa, hawezi kugusa kitu. Wanawake waliimba mpaka wakachoka, wakenda kula. Mpakaji kaenda kusali. Tukabaki wawili, mimi nnapiga picha vidole vyake. Akasema pole pole, hakuniangalia:

"Da Zuhura, baba anangojea harusi hii tu. Nikiolewa, ndiyo nshampa ruhusa ya kufa."

Niliendelea kupiga. Ujinga, lakini mikono ilikuwa na kazi na mdomo haukuwa nayo.

Akanambia anaomba kitokee kitu. Kitu kidogo tu, harusi isogee mbele. Mwezi, miezi miwili. Machozi yakamtoka na hawezi kuyafuta kwa sababu ya hina. Nikamfuta kwa upindo wa kanga yangu.

Jioni wametangaza. Kuanzia kesho boti hazivuki.

Alhamisi, 24 Aprili

Haitham kakwama Dar. Alifika bandarini na mkoba wake, karudishwa. Ndege nazo hakuna. Angani mawingu mazito na joto la kukaba roho, hata jani halitikisiki.

Nyumba ya Malindi imegawika. Bwana Seif, mdogo wake Bwana Othman, anataka nikahi iahirishwe. Harusi gani haina bwana harusi, anasema, watu watatucheka. Bwana Othman kamwacha aseme mpaka amalize. Kisha kasema Haitham amfanye kaka yake kuwa wakili wa kumpokelea, kaka yupo hapa hapa mjini, na nikahi itaswihi. Ni kweli. Sheria inaruhusu. Seif kaacha kubisha, lakini kwa hasira.

Alokataa ni Sabra. Kajifungia. Mama yake, Bi Raya, akanishika mkono, akaniomba niende nikaseme naye. Mimi? Mimi ni mpiga picha. Nilikuja kuuliza saa ya kesho tu. Nilitaka kurudi nyumbani kwa mama nikafunge madirisha.

Nikabisha hodi hata hivyo. Sikumshauri kitu, sina cha kumshauri mtu. Nilimwambia tu kwamba yale alonambia mimi jana, mwenyewe wa kuambiwa yuko chumba cha pili.

Sabra alijifunga mtandio. Kisha akatoka, akaingia kwa baba yake. Hakufunga mlango. Mimi na Bi Raya tulikuwa ukumbini, tukasikia yote. Alimwambia kama alivyonambia mimi, neno kwa neno, ila safari hii analia. Bwana Othman hakukasirika.

"Kufa kwangu si juu yako, mwanangu. Hakungoji harusi, wala hakuogopi kimbunga. Wewe nijibu nilokuuliza. Unamtaka Haitham?"

"Namtaka."

"Basi. Kesho."

Bi Raya akakaa chini pale pale, juu ya viatu vya wageni. Nikakaa naye.

Natamani kesho iwe ishapita.

Ijumaa, 25 Aprili

Upepo umeanza alfajiri. Si upepo wa kuvuma ukaacha. Unasukuma, kama mtu aliyeegemea mlango. Bati la jirani limepiga kelele mpaka likang'oka, kelele zikaisha. Mama nimemteremsha kwa jirani wa chini, kule kuta ni nene. Nilimwambia siendi. Akanambia nishampa mgonjwa ahadi, niende, na nisisimame chini ya roshani za watu.

Nikaenda. Kamera ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya buibui. Vichochoro vimekuwa mito. Maji ya rangi ya chai, ndani yake viatu, makopo, paka aliyekufa. Niliogopa. Nnaandika hivyo kwa sababu kule nilipofika nilisema sikuogopa.

Umeme hakuna, kisiwa kizima. Mpiga picha wa upande wa wanaume anatoka Kizimbani. Miti imeanguka njiani, hakufika. Wanaume wakatazamana. Bwana Othman akasema niingie mimi. Seif akatazama pembeni. Nikasimama karibu na kabati, buibui linachuruzika maji juu ya zulia la watu.

Bwana Othman kakalishwa kwa mito. Sheikh kanzu imemganda mwilini. Kaka yake Haitham mbele ya kitanda, simu kaishika kifuani ili Haitham asikie kutoka Dar. Wakapeana mikono, yeye na Bwana Othman. Madirisha yote yamefungwa, upepo unayatikisa, na mimi nnawaza sauti ya mgonjwa haitofika popote.

Ilifika. Ilikuwa sauti ya dukani.

"Nimemuozesha Haitham, uliyemwakilisha, mwanangu Sabra, kwa mahari tuliyoafikiana."

Kaka mtu akasema amekubali kwa niaba yake. Simu ilikuwa ishakatika. Hatujui ilikatika kwenye neno gani. Haitham kaoa bila ya kujua kama kaoa.

Wanaume wakatoka, akabaki Seif. Sabra akaletwa na gauni lake la kijani, kapambwa nusu kwa taa ya kuchaji, wanja upande mmoja mzito kuliko wa pili. Akapanda kitandani, akakaa ubavuni kwa baba yake. Giza. Picha ya mwanzo ikatoka nyeusi. Miaka yote nnafanya kazi hii na nikasahau kurekebisha mwanga, kama mwanafunzi. Fleshi sikutaka, ingemfanya mgonjwa maiti. Nikasema nataka bawa moja la dirisha lifunguliwe. Bwana Seif akaenda akalifungua mwenyewe, akalizuia kwa bega lisije likampiga mtu. Mvua ikamwingia usoni, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikaloa, na kanzu. Akasimama vile vile.

Nikapiga. Mwanga ulikuwa wa kijivu, mzuri sana. Nilimwambia Bwana Othman anitazame. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Nimefika nyumbani nimeloa mpaka mifupa. Mama mzima. Sikuweza hata kula.

Jumamosi, 26 Aprili

Kimepinda. Kimeingia bara, kusini huko, kikafia njiani. Kwetu kimeangusha miti, mabati, ukuta wa nyumba moja ya zamani uliokuwa ukisubiri sababu. Watu wa barazani wanasema si tuliwaambia. Nyumbani kipande cha dari kimeanguka juu ya kitanda changu. Mama alinipa ufagio.

Mtandao umerudi asubuhi. Haitham kaambiwa ni mume wa mtu. Inasemekana aliuliza mara mbili.

Mchana Bwana Othman kaomba mkate wa mofa na chai. Siku nyingi hakuomba chakula. Nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Wanasema mgonjwa hupewa siku moja njema kabla ya kuondoka. Bi Raya kamnunulia, na huku analia. Sherehe ya wanawake hakuna. Sabra kakaa na gauni la jana, anamhesabia baba yake pumzi.

Jumapili, 27 Aprili

Nimelala.

Jumanne, 29 Aprili

Boti zimeanza. Bahari bado ina hasira. Haitham kateremka bandarini rangi hana, katapika njia nzima, kanzu ndani ya mkoba imekunjamana. Nilipiga picha za kuingia kwake nyumbani. Hazikutoka nzuri. Kasimama ukumbini hajui aende kwa nani kwanza, mke au mkwe. Sabra akamuona, akacheka. Kicheko cha kweli, mkono mdomoni, na hina ishaanza kufifia. Ndiyo mara ya kwanza nnamsikia anacheka.

Bwana Othman yuko hai. Kala tena. Daktari kaja, kampima, kasema mambo haya ni ya Mungu.

Jumapili, 4 Mei

Sherehe ndogo ya wanawake, baadaye kuliko ilivyopangwa. Waimbaji nusu, keki imeegemea upande. Bwana Seif alituma birika la kahawa bila ya kusema limetoka kwa nani. Birika nililijua, ni la nyumbani kwake. Nilitaka kukaa chini tangu nilipoingia.

Bwana Othman anateremka kitandani, anashika ukuta, anafika dirishani. Watu walianza kwa kushukuru. Sasa kuna ambao wamechukia kidogo, sitowataja hata humu. Walikuja kuaga, wakasali, wakasameheana naye. Na yeye yupo, anauliza nani kahamisha kiti chake.

Ijumaa, 9 Mei

Sabra kaondoka. Haitham kangoja kadiri alivyoweza, kazini wanamtaka. Sabra aliniita niwapelekee picha kabla ya boti. Nilikuta masanduku mlangoni na yeye hajavaa hata viatu. Kasema hendi. Baba yake mgonjwa, hendi, mwanamume atangulie. Haitham hakubishana. Alikaa juu ya sanduku, akainamisha kichwa.

Bwana Othman alikuja ukumbini kwa miguu yake, kashika ukuta. Kamwambia mwanawe avae viatu. Akasimama mpaka akavaa.

Nimechukia leo. Sijui nnamchukia nani. Kwenye njia ya kurudi nilimnunulia mama maembe mabovu, kwa kutotazama.

Jumatatu, 19 Mei

Leo sina harusi. Fundi wa dari kaja, kaondoka, kasema atarudi.

Alasiri haijafika, nimepita Malindi kurudisha sinia la watu. Bwana Othman alikuwa nje barazani, kofia ya sufi kichwani na joto lote hili, miguu imevimba. Nikamwamkia. Kaitikia, kasogea kunipa nafasi. Nikakaa, kwa sababu ya magoti.

Sabra hupiga simu kila siku. Nyumba ya Dar ina joto, majirani wazuri, Haitham anampeleka kununua mapazia. Mzee kanieleza yote hayo kwa mpango. Watu walipita, wakamsalimia, akawaitikia. Kisha akasema, si kama ananiambia mimi:

"Nilijitayarisha kufa, Bi Zuhura. Sikujitayarisha kubaki."

Bi Raya katuletea kahawa na haluwa kidogo, karudi ndani. Tulikunywa. Kivuli cha nyumba ya mbele kilikuja kikafika miguuni petu.

Ilipoadhiniwa alasiri nilimshika mkono, nikamwingiza ndani. Kisha nikenda zangu nyumbani kufua.